Makapi ya Sauti

Baba yangu ana mashine ya kukamua mawese Minago, hapa Burundi, na mimi nina programu ya kubana mafaili ya sauti. Yeye anaamini tunafanya kazi moja, tofauti ni kwamba mimi naifanya nimekaa. Nilijaribu kumweleza, nikachoka. Siku hizi akinitambulisha kwa wateja wake husema, "Huyu mutoto wangu naye anakamua, ila ya kwake haina moshi," nami naitikia kwa kichwa, maana kubishana na baba yangu ni kutwanga maji kwenye kinu.

Programu hiyo niliiandika nilipokuwa mwanafunzi Bujumbura. Kwaya yetu ya Rumonge, ambayo nusu yake ni sisi tuliorudi kutoka Tanzania, ilikuwa ikirekodi mazoezi na kuwatumia wenzetu waliobaki kule, na mega za intaneti zilikwisha kabla ubeti wa pili haujafika. Basi nikatengeneza kitu kinachosikiliza rekodi. Kikikuta sauti, kinaibana. Kikikuta kimya, hakijisumbui kukihifadhi kimya chenyewe, kinaandika tu kwamba hapa palikuwa na kimya na urefu wake ni huu, kisha kinaendelea na safari. Upande wa pili programu ileile inasoma na kurudisha kila kitu mahali pake, maneno na kimya chake. Ikimaliza inaandika kwenye kioo "Murakoze," yaani asante kwa Kirundi, kwa sababu mimi nimelelewa vizuri.

Kuandika programu ni raha ya muda mfupi, kuilea ndiyo kazi. Mimi niliiandika kwenye Linux. Kwaya ikataka ya Windows, kwa kuwa kompyuta za maofisini karibu zote ni Windows. Mwalimu mwenzangu wa lise, sekondari ninakofundisha, akataka ya simu. Kisha akatokea bwana mmoja wa nchi ya baridi, hata sura yake siijui, aliyeiokota programu yangu mtandaoni akaanza kunisumbua niihamishie kwenye mfumo ambao nadhani duniani unatumiwa na yeye na marehemu. Nikamhamishia. Kila Krismasi hunitumia salamu zenye orodha ya kasoro, na mimi humjibu kwa upole nisio nao.

Kuhamisha programu hakuna tofauti na kuhamisha familia. Unadhani umebeba kila kitu, ukifika unakuta mwiko haupo na mlango unafungukia nje. Mfumo huu unaandika njia ya faili kwa mkwaju, kile kistari cha mshazari, unaolalia huku, ule unataka mkwaju unaolalia kule. Jumamosi nyingi za ujana wangu nilizimaliza nikigeuza mikwaju, wenzangu wakiwa ufukweni Magara wanakula samaki wa mukeke wa kuchoma. Sijutii, ila nikikumbuka ule mukeke roho inauma.

Sasa nije kwenye sufuria, maana bila sufuria hakuna hadithi.

Siku tuliyopanda malori ya kurudi Burundi, baba alipakia sufuria kubwa ya marehemu bibi, ile ambayo bibi alichemshia chikichi miaka yake yote ya ukimbizini. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alikuwa ameamua kubaki Tanzania, na sufuria ile aliihesabu kuwa yake. Wakaivutania nyuma ya lori mbele za watu, yeye ameshika mkono mmoja na baba mwingine, mpaka dereva akapiga honi kwa hasira. Baba akashinda sufuria. Shangazi akabaki na mfuniko. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Sisi tulilima, tukapalilia, tukangoja, mavuno hatukuyaona. Baba akipiga simu, shangazi hapokei. Shangazi akituma salamu, anatusalimia wote kwa majina, pamoja na mbuzi, anamruka baba. Na baba kwa miaka yote hiyo anafunika sufuria kwa kipande cha bati, moshi unatoka pembeni, chikichi zinaiva chini na juu bado mbichi, na ole wake atakayemwambia anunue mfuniko mwingine.

Halafu baba akajenga nyumba mpya ya matofali ya kuchoma. Ina chumba kimoja upande wa ziwa, chenye kitanda, chandarua kipya na pazia la maua, na hakuna mtu anayelala humo. Madumu ya mawese yamejaa sebuleni. Wageni wanakalia madumu, mama anaruka madumu akienda jikoni, lakini hata dumu moja haliruhusiwi kuingia chumba kile. Nilimwuliza baba ni cha nani.

"Ni depo," akasema.

"Depo gani haina kitu?"

"Weye fundisha watoto wako kule lise. Depo ni yangu."

Mama alikohoa akaenda zake jikoni. Sote tulijua ni chumba cha shangazi, na sote tulijua baba angekula bati la sufuria kabla ya kusema hivyo.

Jumapili moja baada ya ibada baba akanijia Rumonge kwa pikipiki, amevaa koti lake la harusi. Hakutaka chai. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Mama," akaniita, maana akitaka kitu mimi huwa mama yake, "ile masini yako inaweza kubeba maneno mpaka kwa dada?"

Nikamwambia inaweza. Shangazi ana simu ya vitufe tu, lakini kule kwao yuko mama mmoja wa kanisani kwake mwenye stesheneri, na shangazi hupita pale kila wiki kusomewa salamu. Kompyuta ya stesheneri ni Windows, na programu yangu ilikuwa humo tangu enzi za kwaya.

Niseme ukweli, WhatsApp ingetosha. Yule mama wa stesheneri ana simu kubwa kuliko yangu. Lakini nilikuwa nimengoja miaka na miaka mtu wa familia yangu ahitaji kile nilichokitengeneza, badala ya kuniuliza kama naweza kurekebisha redio. Sikuweza kuiacha nafasi ile ipite.

Nikaweka simu mezani irekodi, baba akanifukuza. Alisema hawezi kusema huku mtoto aliyemzaa akimtazama. Nikatoka nje, nikamsikia kupitia ukuta akinguruma kwa zaidi ya nusu saa. Alipotoka, koti lilikuwa mkononi na shati limelowa.

Sikusikiliza aliyoyasema, kwa heshima. Nililipitisha faili kwenye programu yeye akiangalia kioo, na faili kubwa likawa dogo. Nilijisikia fahari. Baba akainamia kioo, akatazama, akanigeukia.

"Na makapi?"

"Makapi gani, baba?"

Hapa lazima nieleze mambo ya kwetu. Ukipeleka chikichi kwenye mashine Minago, unarudishiwa mawese yako, na unarudishiwa makapi yako. Zile nyuzi zilizobaki zikikauka huwasha moto haraka kuliko kitu chochote, na kokwa zake akina mama huzipasua wakauza kwa watu wa sabuni. Mwenye mashine anayebaki na makapi ya mtu ni mwizi, na jina lake litafika Kabezi kabla yake. Baba yangu hajawahi kumnyima mtu makapi. Sasa binti yake mwenyewe amemkamua maneno yake na hamrudishii kitu.

"Ilikuwa kikubwa, sasa iko kadogo," akasema. "Ile iliyotoka iko wapi? Ni yangu."

"Baba, hakuna kilichotupwa. Kilichobanwa zaidi ni kimya. Pale uliponyamaza."

"Ehe. Basi makapi ya sauti ni kimya."

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Nipe kimya changu."

Tukabishana mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Mwishowe nikachukua flashi mpya, tupu kabisa, nikamkabidhi kwa mikono miwili. "Makapi yako haya." Akaipima kiganjani, akaridhika kwamba ni nyepesi inavyostahili, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Murakoze cane," akasema, akapanda pikipiki akarudi Minago akiwa mtu aliyetendewa haki.

Faili likaenda. Mama wa stesheneri akathibitisha limefika na kufunguka vizuri. Siku chache baadaye simu yangu ikalia, nikaona namba ya Tanzania.

"Shikamoo, shangazi!"

"Marahaba. Mwambie baba yako makapi yake nimeyapata. Sasa aniletee mafuta."

"Shangazi, sielewi."

"Huelewi nini? Nimekaa pale stesheneri na watu wanasubiri fotokopi, nasikiliza mdogo wangu ananilaumu nusu saa nzima. Eti nilimng'oa kifungo cha shati. Eti mfuniko niliuficha chini ya kanga. Eti sauti yangu ilimtisha dereva. Na mwisho unajua kasema nini? 'Sufuria ninayo mimi, na iko inachemsha.' Basi! Kimya! Halafu kioo kinaandika Murakoze. Asante ya nini? Asante ya kunitukana bure?"

Akakata. Nilibaki nimeshika simu, aibu imenipanda mpaka masikioni, kwa sababu ile Murakoze ilikuwa yangu.

Niliondoka na basi dogo la kwanza kwenda Minago. Nilimkuta baba anawasimamia watu wa mashine, nikampa salamu za shangazi kama zilivyo, kwa sababu sikujua namna ya kuzilainisha. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Amesikia yote?"

"Amesema amesikia mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho." Akatazama ziwa. "Basi. Kama amesikia mpaka mwisho na jibu lake ni hilo, basi."

"Baba, kwani mwisho ulimwambia nini?"

"Mimi sirudii."

Akaingia ndani, akang'oa pazia la maua kwa mkono mmoja, akawaita wale watu wa mashine wahamishe madumu. Mama alisimama mlangoni, mikono kifuani. Madumu yakaingia chumbani moja baada ya jingine, mengine yakawekwa juu ya kitanda. Sebule ikawa kubwa, na hakuna aliyetaka kukaa ndani yake. Nilirudi Rumonge nikiwa na hasira na wote wawili.

Nyumbani nikafanya ambalo sikutaka kulifanya, nikaifungua rekodi ya baba nikaisikiliza. Shangazi alikuwa amesema kweli tupu. Kifungo cha shati kilikuwemo, kanga ilikuwemo, dereva alikuwemo, na mengine ambayo shangazi aliyaacha kwa adabu. Nikafika kwenye "Sufuria ninayo mimi, na iko inachemsha." Kisha kimya. Kimya kikazidi. Nilinyoosha mkono nizime, nikajisemea baba yangu huyu ni bure kabisa.

Hapo akakohoa.

"Dada," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Inachemsha lakini haiivishi. Tangu nimeichukua haijaivisha kitu vizuri. Nimejenga nyumba. Kuna chumba, dirisha lake linaangalia ziwa, maana weye ulikuwa unapenda upepo. Hakuna mutu analala humo. Nisamehe, dada. Njoo."

Nililia. Nililia na pua ikatoka, na sioni haya kuandika hivyo. Halafu nikafuta pua nikakasirika, maana sasa nilijua shangazi hakuusikia mwisho, na aliyeukata si baba wala shangazi. Ni mimi.

Nikaenda lise kwenye chumba cha kompyuta, nikalifungua lile faili dogo kwenye Windows. Likasema yote mpaka "inachemsha," likafika kwenye kimya, likaniandikia Murakoze. Kwenye Linux yangu lilisema mpaka "Njoo." Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye chombo cha kubebea namba. Urefu wa kila kimya nilikuwa nauandika kama namba, na namba hiyo, pamoja na vikorokoro vingine nilivyopakia juu yake, niliiweka kwenye chombo ambacho kwenye Linux ni pipa na kwenye Windows, kwa jina lilelile, ni kopo. Kimya cha baba hakikuenea kwenye kopo. Namba ikafurika, ikapinduka, ikawa chini ya sifuri. Programu ikaona kimya kilicho kifupi kuliko hakuna, ikaamua kwamba dunia imekwisha, ikashukuru ikaenda kulala.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuligundua mapema. Niliipima! Niliipima kwa sauti za soko la Rumonge, za stendi ya mabasi, za kwaya, za mkutano wa wazazi, za msiba wa jirani. Katika sauti zote hizo hakuna mahali watu walinyamaza muda wa kumeza mate. Rumonge hakuna mtu aliyewahi kukaa kimya namna ile, na mimi nilikuwa nimetengeneza programu ya watu wa Rumonge. Kimya kingi kina mshindo mkuu, walimu wangu wa Tanzania walinifundisha, na kwenye mtihani niliipata. Kwenye programu nikaikosa.

Marekebisho yalikuwa neno moja. Nikatengeneza toleo jipya la Windows, umeme ukakatika lilipokuwa linaondoka, nikatoka mbio na kompyuta kwapani mpaka kwenye saluni yenye jenereta, nikalituma nikiwa nimekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele. Mama wa stesheneri akajibu kwamba shangazi hataki kusikia tena. Kasema tusi moja lamtosha.

Hapo nikakumbuka kwamba shangazi naye ni mtoto wa mashine. Kwetu mawese yakikwama ndani ya chuma, mkamuaji humwita mwenye chikichi, akakiri, akakamua tena mbele ya macho yake, na mwenye chikichi hana ruhusa ya kukataa kuja kuangalia. Nikamwandikia yule mama: "Mwambie shangazi mafuta yake yalikwama kwenye mashine. Kosa ni la mkamuaji, si la mwenye chikichi. Aje yakamuliwe mbele yake." Jibu lilikuja baada ya kitambo. "Amekuja, amekaa, amesikiliza, ameondoka bila kusema kitu, na fotokopi zangu zote zimekaa zinasubiri."

Nikampigia baba nikamweleza. Hakuelewa habari za kopo na pipa, lakini jambo moja alilielewa.

"Hakusikia mwisho?"

"Hakusikia. Sasa amesikia."

Nikasikia simu yake ikianguka. Mama aliniambia baadaye kwamba baba aliyatoa madumu peke yake, bila kumngoja mtu, kisha akapiga magoti na sabuni akasugua mawese kwenye sakafu, akimkemea kila aliyetaka kumsaidia. Godoro lilikuwa na doa la duara, jekundu, wakaligeuza.

Shangazi hakupiga simu. Alikuja tu, Jumamosi, kwa njia ya mpaka wa Mugina, na kwa bahati nilikuwepo Minago. Alishuka kwenye basi na begi moja na kitu cha mviringo kilichofungwa kwa kanga. Hakukubali kupokelewa kile kitu. Akaingia sebuleni, akatafuta kiti, akaona madumu, akakalia dumu na kukipakata magotini.

"Karibu, dada," baba akasema. "Habari za safari?"

"Safari nzuri. Nimesikia maneno yako kwenye kompyuta."

"Ehe. Umesikia."

"Kompyuta si ndugu yangu. Sema mwenyewe."

Baba akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Akaangalia mikono yake, akaangalia mlango, akaangalia kile kitu cha mviringo. Kimya kikarefuka. Mama akavuta pumzi, najua alitaka kuuliza kama shangazi atakunywa Fanta, nikamshika mkono nikambana kwa nguvu. Nilikijua kile kimya, nilikuwa nimekisikia mara nyingi kuliko mtu yeyote duniani. Nikamnong'oneza, "Bado, mama. Usimkate."

"Nisamehe, dada," baba akasema.

Shangazi alitengeneza kanga yake begani. "Sijasikia vizuri. Rudia."

Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, na wale watu wa mashine nje wakaacha kuzungusha. Halafu baba, kwa kuwa ni mtu wa haki, akatia mkono kwenye koti akatoa ile flashi tupu. "Na makapi yake haya," akasema. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la kanga bila kuuliza swali. Mpaka leo imetundikwa msumarini kwenye kile chumba, na mimi sijamwambia mtu.

Yule bwana wa nchi ya baridi ameniandikia kwamba toleo jipya limemharibia kitu. Nitamtazama nikipata nafasi.

Mfuniko nilipewa mimi niupeleke jikoni. Haukai sawa. Ile siku ya lori sufuria ilipinda upande mmoja walipokuwa wanaivuta, na hakuna fundi aliyeweza kuinyoosha, kwa hiyo wakichemsha chikichi shangazi anaweka mfuniko na baba analeta jiwe la kuukandamizia.